Tatizo la ukuaji wa lugha

Tatizo la ukuaji wa lugha ni hali ya mtoto kupata shida ya kudumu katika kuelewa au kutumia lugha, bila chanzo cha wazi kama vile uziwi, usonji au jeraha la ubongo. Tafiti za Marekani na Uingereza hukadiria kuwa huwapata takriban watoto 7 kati ya 100. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 2017 na jopo la wataalamu lililoongozwa na mwanasaikolojia Mwingereza Dorothy Bishop.

Tiba hutolewa kwa michezo, picha na hadithi. Mtoto akisema “mpira anguka”, mtaalamu hamkosoi, bali humrudishia sentensi kamili: “Naam, mpira umeanguka.” Wazazi hufundishwa kufanya vivyo hivyo nyumbani.

Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Huko Kilifi, Kenya, watafiti wameandaa orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama za kupimia lugha ya watoto wachanga kwa kuwahoji wazazi. Haitoshi kutafsiri tu vipimo vya Kiingereza, kwani kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na hata mtendwa katika neno moja.