Kichwa cha Mangi kiko wapi? Siku yetu moja Old Moshi na Marangu

Najua nimepotea. Si mnajua tena mambo ya mwisho wa muhula, majaribio juu ya majaribio, halafu boom lenyewe limeshakata. Lakini Jumamosi tulijichanga, wanafunzi wa historia 28, tukakodi Coaster, tukapanda mlimani. Sio kileleni jamani, hela hiyo tutoe wapi! Tulikwenda Old Moshi na Marangu.

Kabla sijaanza kuwasimulia, nina deni la kukiri.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja huku huku Moshi, kidato cha tatu. Mada ilikuwa upinzani dhidi ya ukoloni. Mimi mtu wa Tabora, kwa hiyo kwa Isike nilitamba kweli, jinsi alivyojilipua kwa baruti mwaka 1893. Mkwawa nikampa robo saa nzima. Nilipofika kwa Mangi Meli nikaandika ubaoni mstari mmoja: alipigana na Wajerumani, akashindwa, akanyongwa mwaka 1900. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kichwa chake kiko wapi?" Darasa likacheka. Mimi bila hata kufikiri nikamjibu kwamba alizikwa kwao kwa heshima. Hakubisha. Aliinama tu akaandika kwenye daftari nilivyosema.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka Old Moshi. Wenzangu walifuata ndizi na picha.

Tulianzia stesheni ya reli mjini, maana bila reli huwezi kuelewa kwa nini kuna Moshi mbili. Moshi yenyewe ilikuwa juu huko migombani, makao ya Mangi Rindi, ambaye vitabu vingine vinamwita Mandara. Wajerumani nao wakajenga boma lao huko juu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikuweza kuparamia mlima, ikaishia tambarare. Biashara na ofisi zikateremka kuifuata, mji mpya ukachukua jina, na ule wa juu ukabaki kuitwa Old Moshi. Kwa hiyo ukishuka stendi ukasema umefika Moshi, Moshi ya kwanza bado iko juu yako.

Gari likapanda, kona baada ya kona, migomba na kahawa huku na huku, mifereji ya zamani ya Wachaga ikipita kando ya barabara. Huko juu mzee mmoja wa kijiji ndiye aliyetuongoza. Tulimwamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba kisha akatuuliza mmoja mmoja kwetu wapi. Nilipotaja Tabora akasema, "Karibu mjukuu wa Mirambo." Nikavimba kichwa kidogo.

Sasa historia yenyewe, kwa kifupi. Rindi alikuwa mjanja wa siasa. Alipatana na Wajerumani mapema, akatuma hadi wajumbe wake Berlin mwaka 1889, na mwaka 1891 Wajerumani wakampiga mpinzani wake mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho. Mwaka huo huo Rindi akafariki, na mwanawe Meli akashika kiti akiwa bado kijana. Meli hakuelewana nao. Juni 1892 Wajerumani walipanda kumshambulia wakapigwa, kamanda wao von Bülow akafa, na waliobaki wakaondoka mlimani. Fikiria wadau, watu wa migombani wamelifukuza jeshi la Kaiser! Ila Agosti 1893 walirudi na jeshi kubwa wakiongozwa na Gavana von Schele mwenyewe, na safari hii Meli akashindwa.

Aliishi chini yao miaka kama saba. Halafu ikaja tuhuma kwamba mamangi wanapanga uasi, na tarehe 2 Machi 1900 watu 19 wakanyongwa Old Moshi, Meli akiwa mmoja wao pamoja na Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Yaani mtoto wa Rindi na mtawala wa Kibosho, nyumba mbili zilizokuwa maadui, ziliishia kwenye kamba siku moja.

Mti upo. Pembeni yake ipo sanamu ya kumbukumbu ya Meli. Babu alituambia simulizi ya wazee kwamba Mangi alikaa kitanzini saa nyingi bila kukata roho, mpaka wakampiga risasi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza habari za shamba, kwamba kiwiliwili kilibaki na kichwa kikaenda Ujerumani.

Nikamwuliza, "Babu, nyie mlijua siku zote?"

"Mjukuu wangu, hata watoto hapa wanajua."

Nilikumbuka lile daftari. Kumbe yule binti hakuwa anauliza ili ajue. Alikuwa anamjua jibu mwalimu asiyejua.

Niliporudi chuoni nikasoma zaidi. Mkwawa fuvu lake lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga. Meli hakutajwa popote. Mjukuu wake, Isaria Meli, alianza kudai tangu miaka ya 1960. Huko Berlin taasisi ya urithi wa Prussia ilipokea mwaka 2011 maelfu ya mafuvu yaliyokusanywa enzi za ukoloni, zaidi ya 1,100 yakiwa ya Afrika Mashariki. Walichukua vipimo vya vinasaba vya familia za huku, na Septemba 2023 wakatangaza matokeo: fuvu moja lililoandikwa neno "Akida" lililingana na ndugu wa mshauri wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Miaka zaidi ya 120, na familia bado inasubiri jibu nililolitoa mimi kwa sekunde tatu.

Mchana tukateremka tukaenda Marangu. Getini kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, aliyefika kileleni Oktoba 1889, na pia wanakumbukwa waongozaji weusi akiwemo Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaiser Wilhelm, akabeba na jiwe la juu kabisa akampelekea Kaiser. Rafiki yangu mmoja akasema, "Kumbe hata mlima ulikatwa kichwa." Tukacheka, halafu tukanyamaza. Afadhali jina lilirudi. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera huko juu, na leo ni Uhuru Peak.

Kwenye gari ndipo moto ulipowaka. Vitabu vinamtaja Mangi Marealle wa Marangu kuwa ndiye aliyewapelekea Wajerumani habari za ule uasi. Tunaye mwenzetu wa Marangu, akaja juu: "Na Rindi aliyewatumia kumpiga Sina je?" Wa Kibosho naye akadakia. Kelele mpaka Himo! Mimi sikumshindwa mtu, lakini nilijifunza kitu. Ubaoni niliwaandika "Wachaga" kama watu wa mangi mmoja, wakati walikuwa nchi nyingi ndogo zenye ugomvi wao, na Mjerumani aliingilia katikati ya ugomvi huo. Hilo ndilo wanafunzi wanatakiwa kulijua, hata kama linauma.

Basi wadau, wiki ijayo nimeomba ruhusa kwa mkuu wa ile shule nirudi kipindi kimoja tu. Yule binti sasa yuko kidato cha nne. Nitamwambia mbele ya wenzake kwamba nilikosea, afute kile nilichomwandikisha, na mahali pale aandike: hakijapatikana, bado kinatafutwa.

Naogopa kidogo, sitaki kudanganya. Mwalimu kukubali kosa mbele ya darasa si mchezo. Lakini nikishindwa hili, hicho cheti nakisomea nini?

Haya, zamu yenu. Kwenu kuna nani aliyeandikwa mstari mmoja tu? Tuonane kantini.