Utambuzi wa ADHD ukubwani

Utambuzi wa ADHD ukubwani ni kubainika kitabibu kwa mtu mzima kuwa na ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi. Hali hiyo huanza utotoni, ila huweza kupita miaka mingi bila kujulikana.

Sababu za kuchelewa. Mtoto mtukutu huonekana mapema darasani, lakini anayezubaa kimya kimya husahaulika. Wasichana wengi huwa katika kundi hili la pili. Watu wazima wengine hutambuliwa tu baada ya watoto wao kupimwa.

Dalili. Kwa mtu mzima, utukutu mara nyingi hugeuka kuwa hali ya kutotulia ndani. Kwa mfano, mtu hubandika chai, huenda chumbani kutafuta funguo, huanza kupanga nguo, na chai hukauka jikoni. Kuahirisha kazi na kusahau miadi ni kawaida.

Vigezo. Mwongozo wa DSM-5 wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani (2013) unataka dalili kadhaa ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Awali umri huo ulikuwa miaka 7. Kuanzia miaka 17, dalili 5 za kundi moja, la upungufu wa umakini au la utukutu, zinatosha badala ya 6, mradi zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kama nyumbani na kazini.

Tiba. Hutumika dawa kama methilfenidati, pamoja na ushauri nasaha.

ADHD si uvivu wala malezi mabaya. Mwenye dalili hizi amwone daktari wa afya ya akili.