Mkopo badala ya ruzuku: Asasi za kijamii Kenya na Uganda zinavyotafuta mtaji

Kwa miongo mingi asasi za hisani katika Afrika Mashariki zimetegemea ruzuku za wafadhili wa nje. Tangu Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake mwaka 2025, viongozi wengi wa asasi hizo wanajiuliza iwapo mkopo unaweza kuziba pengo hilo. Jibu hutegemea aina ya kazi ambayo asasi inafanya, na masharti yaliyomo katika mkataba.

Uwekezaji wa kijamii ni nini?

Ni fedha zinazotolewa kwa lengo la kuinufaisha jamii, lakini mtoaji hutarajia kurudishiwa, pamoja na riba au bila riba. Hapo ndipo zinapotofautiana na ruzuku, ambayo hairudishwi. Zinatofautiana pia na mkopo wa kawaida wa benki, kwa kuwa mwekezaji huwa tayari kupokea faida ndogo, kusubiri muda mrefu zaidi, au kukubali dhamana ambayo benki ingeikataa.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizoujengea utaratibu huu misingi ya kisheria. Sheria ya mwaka 2008 iliruhusu fedha zilizosahauliwa katika akaunti za benki zitumike kwa manufaa ya umma, na mwaka 2012 ikaanzishwa taasisi ya Big Society Capital ili kuzifikisha kwa asasi kupitia wakopeshaji wengine.

Mifano miwili ya kanda

Mwaka 2005 shirika la Kiva la Marekani lilianza kazi kwa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo saba wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Watu binafsi walichanga kupitia intaneti, kisha wakarudishiwa fedha zao bila riba. Hata hivyo, mkopaji wa mwisho kwa kawaida hutozwa riba na taasisi ya nchini mwake inayomfikishia mkopo. Kwa hiyo, fedha zisizo na riba kwa mchangaji si lazima ziwe hivyo kwa mkopaji.

Mfano wa pili ulianza mwaka 2017. Shirika la Village Enterprise, linalowasaidia watu maskini wa vijijini nchini Kenya na Uganda kuanzisha biashara ndogo katika vikundi vya watu watatu, lilipata mtaji kutoka kwa wawekezaji binafsi. Wafadhili, wakiwamo USAID na serikali ya Uingereza, waliahidi kuwalipa wawekezaji hao iwapo tu maisha ya kaya yangeboreka. Watathmini huru walilinganisha kaya zilizoshiriki na zile ambazo hazikushiriki, wakathibitisha kuwa matumizi na mali za kaya zilizoshiriki vilikuwa juu zaidi. Katika utaratibu huu hatari ya kushindwa ilimwangukia zaidi mwekezaji kuliko asasi. Lakini bila mfadhili wa kulipia matokeo, mkataba wa namna hiyo hauwezi kusimama.

Nani anafaa kukopa?

Mkopo hulipwa kwa mapato. Zahanati inayotoza ada nafuu, mradi wa maji unaouza kwa ndoo, au chama cha wafugaji nyuki kinachohitaji mashine ya kuchujia asali vinaweza kukokotoa kila mwezi kitakachobaki cha kulipia deni. Kituo cha kulea yatima au ofisi inayotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi havina mapato ya aina hiyo. Kuvikopesha ni kuahirisha tu upungufu, na siku ya malipo watakaoumia ni wale wale waliokusudiwa kusaidiwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inayaruhusu mashirika kufanya shughuli halali za kiuchumi, mradi mapato yatumike kwa malengo ya umma pekee.

Hatari ya sarafu

Wawekezaji wengi wa kimataifa hukopesha kwa dola, ilhali asasi hukusanya shilingi. Mwishoni mwa mwaka 2017 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 103 za Kenya. Januari 2024 ilifikia karibu shilingi 160. Deni la dola 100,000 lililokuwa sawa na shilingi milioni 10.3 likawa shilingi milioni 16, hata kabla ya kuhesabu riba. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu tena, lakini aliyekuwa amekwisha kulipa hakurudishiwa tofauti.

Kabla ya kutia saini

Bodi ya asasi inapaswa kupata majibu ya maandishi kwa maswali haya: Deni ni la sarafu gani, na nani atabeba hasara sarafu ikishuka? Marejesho yanaanza lini? Dhamana ni mali ya asasi, au ni nyumba na mashamba ya wanabodi? Itakuwaje mavuno yakikosekana au mfadhili mkuu akiondoka? Na je, mkopeshaji anaweza kuagiza ada zipandishwe?

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Ikiwa mojawapo ya maswali hayo halina jibu, ni salama zaidi kwa asasi kutafuta ruzuku ndogo au kupunguza ukubwa wa mradi kuliko kuweka rehani zahanati ambayo kijiji kizima kinaitegemea.