Thuci: Mto mmoja, lugha mbili na vitabu vya wageni

Ukitoka Embu kuelekea Meru, ukishapita Runyenjes, utavuka mto Thuci. Ng'ambo hii ni Kaunti ya Embu, ng'ambo ile ni Tharaka-Nithi. Ramani husema Kiembu kinakomea hapa na Kichuka kinaanzia hapa. Nami kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo, hadi siku niliposimama kununua maharagwe katika soko moja karibu na mto huo.

Muuzaji alikuwa mama wa miaka themanini na ushei. Mteja wa kwanza alimhudumia kwa Kiembu, wa pili kwa Kichuka, bila hata kuvuta pumzi. Nikamuuliza, "Mama, wewe ni Mwembu au Mchuka?" Akacheka. "Mwanangu, nilizaliwa ng'ambo ile, nikaolewa huku. Haya, nigawe basi."

Nilishindwa kumgawa. Historia yenyewe inashindwa. Wanaisimu huziweka lugha za mashariki ya Mlima Kenya katika kundi moja na Gikuyu na Kikamba. Kiembu husema mundu na andu, Kimeru husema muntu na antu. Sisi kwa Kiswahili twasema mtu na watu. Majirani huelewana, na tofauti huongezeka kadiri unavyosonga mbele. Si kwamba watu hawa walipendana siku zote. Wazee husimulia jinsi walivyovamiana na kunyang'anyana mifugo, kisha wakaoana. Mwanahistoria H.S.K. Mwaniki alikusanya masimulizi mengi ya aina hii katika kitabu chake cha 1973 kuhusu Embu na Mbeere hadi 1906, mwaka ambao Waingereza waliitwaa Embu.

Wakoloni walileta boma, na boma likaleta mipaka. G. St. J. Orde-Browne, aliyekuwa mtawala katika eneo hili, aliwaandika Wachuka, Waembu, Wambeere, Wamwimbi na Watharaka pamoja katika kitabu kimoja. Lakini Wachuka waliishia kuhesabiwa katika Wilaya ya Meru, na wenzao wa ng'ambo wakabaki Embu.

Kalamu ndiyo iliyotenganisha zaidi. Wamishenari wa Kianglikana walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910, na waumini wakasomewa Biblia ya Gikuyu. Kaaga, karibu na mji wa Meru, Wamethodisti walianza kazi 1912. Kimeru kilichoandikwa kiliegemea lahaja ya Imenti, na Biblia yake kamili ikatoka 1964. Kwa hiyo mtoto wa Kichuka alisoma Kiimenti, mtoto wa Kiembu akasoma Gikuyu. Wote wawili waliambiwa eti hiyo ndiyo lugha ya mama yao!

Nilipomweleza yule mama haya, alitikisa kichwa. "Shuleni nilisoma Kimeru cha wenyewe. Kanisani kwa mume wangu nikakuta Gikuyu. Hakuna kitabu kilichowahi kusema kama mamangu."

Hili si letu peke yetu. Kiserbia na Kikroatia huelewana kabisa, lakini dini, maandishi na siasa zimevitenganisha. Yugoslavia iliposambaratika kuanzia 1991, majirani waliozoea kusema lugha moja walianza kuambiwa wanasema mbili. Huku kwetu hatukufika huko, na tushukuru. Ila tumejifunza kuuliza "wewe ni wa wapi?" kabla ya kusikiliza mtu anasema nini.

Leo jambo hili limo darasani. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera yetu ni kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, nayo yaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha anuwai za Wakenya. Je, lugha ya eneo la Thuci ni ipi? Mwalimu akichagua moja, nusu ya darasa huwa wageni. Mimi naona aanze na maneno wanayokuja nayo watoto, ya pande zote mbili, ayaandike ubaoni kando kwa kando. Nasi wa vyuo vikuu tuwaandalie hadithi zilizorekodiwa katika masoko hayo, kabla wasimulizi hawajatuaga.

Orde-Browne alikiita kitabu chake cha 1925 kitabu cha makabila yanayotoweka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 Embu na 393,177 Tharaka-Nithi. Watu wapo tele. Ninachohofia ni ule ufundi wa yule mama wa kuhudumia wateja wawili kwa lugha mbili pasipo kumgeuza yeyote mgeni. Wajukuu zake, aliniambia, humjibu kwa Kiswahili.