Hongo, Barua na Mlinda Mlango: Kupima Habari Masasi, Newala na Ndanda

Njia ya misafara iliyotoka bandari ya Lindi kuelekea Ziwa Nyasa ndiyo iliyoleta Ukristo Masasi, na kila habari ya mbali ilipita humohumo, iwe ya kweli au ya kuzuliwa. Mwishoni mwa 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliipita akiwa na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani na kutunzwa Unguja. Safari ilikusudiwa kufika nchi za ziwani, lakini kundi likatua chini ya majabali ya Masasi, katikati ya Wamakua na Wayao. Walowezi hao walizungumza Kiswahili cha Unguja, na baadhi yao walijua kusoma. Ugeni wao ulikuwa mkubwa kuliko elimu yao. Hawakuwa na ukoo wa kuwaambia nani aaminiwe, na katika nchi isiyo na gazeti wala simu ya waya, ukoo ndio uliokuwa njia ya kupata habari za uhakika.

Septemba 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi na kuchukua mateka. Mmisionari Chauncy Maples aliingia katika mazungumzo ya kuwakomboa, kisha sehemu kubwa ya misheni ikahamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwa mtawala wa Kiyao aliyeitwa Matola. Kuanzia hapo Wakristo wa kusini walikuwa wametawanyika: wengine Newala, wengine Masasi, wengine Chitangali kwa mtawala Nakaam. Chitangali ndiko alikofanya kazi Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, akapewa ushemasi 1886 na upadri 1890, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Watu waliotawanyika hivyo waliunganishwa na barua. Mwaka 1888 wanafunzi wa chuo cha Kiungani, Unguja, walianza kutoa jarida la Kiswahili, Msimulizi, lililobeba habari za vituo vya bara zilizoandikwa na walimu wenyewe. Kila habari ilijulikana imetoka kituo gani, na msomaji wa Newala angeweza kumfahamu mwandishi wa Masasi kwa sura, maana walikaa darasa moja. Udanganyifu haukuwezekana kwa urahisi pale ambapo mwandishi angekutana na wasomaji wake kwenye sikukuu inayofuata.

Vita vya Majimaji vilipokuja, utaratibu huo haukutosha. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeanzisha dawa ya maji, alikuwa amenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini wajumbe wake, walioitwa hongo, walikuwa wamekwisha kusambaa kusini wakigawa dawa iliyosemwa kugeuza risasi kuwa maji. Habari waliyoibeba ilikuwa na sifa zote za kuaminika. Ililetwa na mtu hai aliyesimama mbele ya wasikilizaji, ilikuwa na kiapo, na iligusa maumivu ya kweli ya kodi, viboko na kulimishwa pamba. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, Mbenedikto, aliuawa pamoja na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, wakiwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Kabla ya mwezi kwisha vituo vya Wabenedikto vya Lukuledi na Nyangao viliharibiwa, Sista Walburga Diepolder wa Nyangao akapoteza maisha, na misheni ya UMCA Masasi ikachomwa moto. Wamisionari waliobaki walikimbilia pwani.

Uthibitisho kwamba dawa haikuzuia risasi ulipatikana Mahenge tarehe 30 Agosti, mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Waliokataa maji kabla ya siku hiyo walipima kwa mizani nyingine. Mfano unaojulikana zaidi ni Nakaam wa Chitangali, aliyekwisha kubatizwa kwa jina la Barnaba, ambaye hakujiunga na vita na watu wake wakasimama upande wa pili. Vitabu vya misheni viliona hapo ushindi wa imani. Huo ni ukweli nusu. Nakaam alikuwa mtawala mwenye cheo cha kulinda na mahusiano ya muda mrefu na wamisionari, na maji yalikuja na watu asiokuwa na sababu ya kuwatii. Imani, siasa na ujirani vilikaa katika kichwa kimoja, na mwanahistoria anayetaka kuvitenganisha atapoteza muda wake. Kinachoonekana wazi ni kwamba aliyepimwa kwanza alikuwa mleta habari. Habari yenyewe ilifuata baadaye.

Ndanda ilizaliwa katika majivu hayo. Mwaka 1906 Wabenedikto, chini ya Askofu Thomas Spreiter, walianzisha kituo kipya chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, mahali penye maji ya chemchemi, kati ya Masasi na Lindi. Mwaka 1931 kituo hicho kilifanywa abasia yenye mamlaka ya jimbo, na abate wake, Joachim Ammann, akawa pia mchungaji wa eneo zima. Watawa waliishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, na katika Kanuni hiyo mna mafundisho kuhusu habari ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. Sura ya 66 inataka mlangoni pawekwe mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kurudisha jibu, na asiyependa kuzurura. Sura inayofuata inamkataza mtawa aliyerudi safarini kuwasimulia wenzake aliyoyaona na kuyasikia nje. Sura ya 3 inamwagiza abate aite jamaa yote kunapokuwa na jambo zito, vijana wakiwemo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Na sura ya 58 inaagiza mgeni anayetaka kuingia utawani asikubaliwe upesi. Roho yake ipimwe kwanza, agizo lililotolewa moja kwa moja katika Waraka wa Kwanza wa Yohane, sura ya 4.

Kwa jicho la leo, katazo la kusimulia safari linaonekana kali kupita kiasi. Lakini kwa mtu aliyeona Lukuledi ikiteketea baada ya wiki chache za uvumi, lilikuwa na mantiki yake: habari isiyo na kazi ya kufanya hubaki kuwa wasiwasi tu. Hata hivyo Kanuni haikuwafunga watawa masikio, maana kituo kilichokuwa na shule na hospitali hakikuweza kuishi bila kusikiliza jirani. Mlango ulikuwa wazi, ila ulikuwa na mtu.

Mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya maji, ilikuja habari ya aina nyingine, safari hii ikiwa imeandikwa. Mwezi Julai mjini Lindi zilionekana nakala za barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ndani yake sheikh aliyeitwa Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, alieleza kuwa ameoteshwa: mwisho wa dunia u karibu, waumini watubu na kushika dini, na anayeipata barua ainakili na kuipeleka mbele. Mwenye kuinakili aliahidiwa thawabu, mwenye kuipuuza alitishiwa adhabu. Kutoka pwani ilienea bara. Maofisa wa Kijerumani, ambao bado walinusa moshi wa 1905, waliamini ni maandalizi ya uasi, na shuku zao zikamwendea Rumaliza, mfanyabiashara na mtawala wa zamani wa kando ya Ziwa Tanganyika aliyekuwa akiishi Unguja. Hakuna uasi uliotokea.

Barua yenyewe haikuwa mpya. Mtaalamu wa Kiholanzi Christiaan Snouck Hurgronje alikuwa ameandika makala juu yake tangu 1884, ilipokuwa ikisambaa katika visiwa vya Indonesia, ikiwa na ndoto ya aina ileile. Laiti kungekuwa na mtu Lindi aliyesoma makala hiyo, utawala ungejiepusha na hofu nyingi. Wanazuoni wa Kiislamu wameikanusha mara kwa mara, na bado inatembea. Leo hupita kwenye WhatsApp bila kubadilika sana, na ina ndugu zake wa Kikristo, sala za mnyororo zinazotaka zipelekwe kwa watu kadhaa kabla ya jua kuzama. Muundo ni mmoja: jina la mtu mtakatifu asiyeweza kuulizwa, muda mfupi, zawadi kwa anayesambaza na laana kwa anayesita. Wakristo wa Masasi waliokuwa na majirani Waislamu nyumba kwa nyumba hawakuwa na haki ya kuicheka, kwani Ukristo wao ulikuwa na ndoto na vitisho vyake.

Kazi ngumu kuliko zote haikuhusu uvumi. Ilihusu mila, na hapo ndipo upambanuzi wa Kikristo katika eneo hili ulipopata umbo lake la kudumu. Jando la wavulana na unyago wa wasichana vilikuwa shule ya Wayao, Wamakua na Wamakonde: humo mtoto alifundishwa adabu, siri za ndoa na namna ya kuishi na wakubwa. Wamisionari wa kwanza walisikia habari za jando kutoka kwa watu waliolihofia au waliolidharau, wakalikataza. Vincent Lucas, padri wa UMCA aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alichukua njia tofauti. Jando la kwanza la Kikristo lilifanyika 1913. Mapadri na walimu wa Kiafrika, ambao wenyewe walipita jandoni, walikaa kuchambua kipengele baada ya kipengele. Kutengwa porini, mafundisho ya adabu na heshima kwa wazee vilibaki. Nyimbo chafu na dawa za kuogopesha ziliondolewa, na msalaba na sala vikachukua nafasi ya baadhi ya alama za kale. Mwaka 1928 Lucas alichapisha insha ya kueleza njia hiyo, na ikasomwa na wamisionari mbali na Masasi.

Uchambuzi huo haukwenda sawasawa kila mahali. Upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu mafundisho yalikuwa mikononi mwa wanawake, na mapadri, ambao wote walikuwa wanaume, hawakuwa na njia ya kuyajua. Waliohukumu unyago walihukumu walichosimuliwa. Jambo hilo lingestahili kusemwa kwa sauti zaidi katika historia za misheni: nusu ya mila ilipimwa na watu wasioruhusiwa kuiona. Abasia ya Ndanda, iliyoanza kwa makatazo, nayo ilikuja kulegeza msimamo baadaye.

Katika karne ya 20 maandishi yakawa mengi. Ndanda na Peramiho zilikuwa na viwanda vya uchapaji, na vitabu vya jina la pamoja la Ndanda-Peramiho vikaenea Tanzania nzima. Kitabu cha dini cha Kikatoliki kilitoka kikiwa na kibali cha askofu au abate, na msomaji alijua kuna mtu aliyekisoma kabla yake na kukitilia sahihi. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro: ulichelewesha, na ulinyamazisha pia maswali yaliyostahili kuulizwa. Faida yake ni kwamba kosa lilikuwa na mwenyewe. Mipaka ya majimbo nayo ilibadilika, Nachingwea ikawa jimbo 1963, Mtwara 1972 badala ya mamlaka ya abasia, na Tunduru-Masasi 1986, lakini kibali kilibaki.

Simu ya mkononi ndiyo iliyokikwepa. Machi 2011 Watanzania kwa maelfu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, aliyesema ameoteshwa dawa ya mizizi. Bei ilikuwa shilingi 500. Ushuhuda wa waliopona ulipita kwa ujumbe wa simu kwa kasi ambayo hongo hawakuwahi kuipata, wakati habari za waliofia njiani zilifika polepole. Dola ilijibu wimbi la habari za mtandaoni kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayofanya kuchapisha uongo kuwa kosa. Kanisa lilijibu kwa njia yake: Januari 2018 Papa Fransisko alitoa ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari juu ya habari za uongo, akianzia kwa nyoka wa kitabu cha Mwanzo, ambaye alichanganya kweli kidogo na uongo mwingi.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na korona, kipindi ambacho serikali ilikuwa imeacha kutoa takwimu. Tarehe 26 Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, rais wa wakati huo wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alituma waraka akionya kwamba Tanzania si kisiwa na kwamba waumini wajikinge. Machi mwaka huohuo katibu wa baraza, Padri Charles Kitima, alisema mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika miezi miwili. Chanjo zilizinduliwa tarehe 28 Julai, na katika majuma yaleyale Askofu Josephat Gwajima wa Kanisa la Ufufuo na Uzima alizipinga hadharani, video zake zikisambaa nchi nzima. Muumini wa Ndanda aliyashika mafundisho yote mawili kwenye simu moja, yote yakitolewa na mtu mwenye cheo cha askofu na Biblia mkononi. Tofauti na ujumbe wa hongo, onyo la maaskofu Katoliki lilikuwa na majibu yaliyoweza kuulizwa papo hapo: ng'ambo ya kanisa la abasia kuna hospitali ya misheni, na wauguzi wake ni watu wa Masasi na Newala wanaofahamika kwa majina na koo zao.