Kutoka Jahazi hadi Bomba

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hakijitoshelezi. Tangu kale watu wake wameishi kwa vitu vitokavyo ng'ambo, nao wakapeleka vya kwao ng'ambo. Kwa hiyo historia ya mji huu ni historia ya njia zinazouunganisha na majirani. Tukizifuata njia hizo moja baada ya nyingine, tutafahamu vizuri zaidi maana ya bomba la gesi ambalo Kenya na Tanzania zimepatana kulijenga.

Njia ya kwanza ilikuwa bahari. Katika Bandari ya Kale, mbele ya Mji wa Kale, majahazi yalitia nanga yakiletwa na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Yalileta tende, nguo na mazulia. Na kusi ilipovuma yakarudi na boriti za mikoko, pembe na nafaka. Nahodha alikuwa na uhuru wake. Akiona ushuru umezidi, aliweza kutweka tanga akaenda Lamu au Unguja. Hivyo kila bandari ililazimika kumtendea mgeni kwa haki, kwa kuwa mgeni aliweza kuondoka.

Njia ya pili ilikuwa reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, kwenye ziwa. Sasa Uganda, isiyo na pwani, ikaitegemea bandari ya Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Reli haiwezi kugeuzwa kama tanga. Aliyeijenga na anayeitumia wamefungamana.

Njia ya tatu ni bomba. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi Changamwe mwaka 1963, na mwaka 1978 bomba likaanza kupeleka mafuta kutoka Mombasa mpaka Nairobi, mwendo wa kilomita 450 hivi. Mwaka 1994 likaendelezwa hadi Kisumu na Eldoret, na kutoka huko magari yakayachukua mafuta mpaka nchi jirani. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, lakini bomba likabaki.

Gesi asilia inahitaji mapatano yaliyo magumu zaidi. Mafuta huweza kutiwa katika pipa yakapakiwa melini. Gesi haikubali hivyo, ila ipozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke maji, na kazi hiyo ina gharama kubwa. Kwa majirani wawili, njia nyepesi ni bomba, ambamo mashine huisukuma gesi kwa nguvu. Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2015 bomba kutoka Mtwara likafika Dar es Salaam. Mombasa, kwa upande wake, imezalisha umeme kwa miaka mingi huko Kipevu kwa kuchoma mafuta mazito yaliyoletwa kwa meli kutoka mbali. Mwenye mali na mwenye haja wanapakana.

Mwezi wa Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifika Nairobi, na mbele yake na Rais Uhuru Kenyatta ikatiwa saini hati ya maelewano juu ya bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Mwaka 2022 Rais William Ruto alikwenda Dar es Salaam, na shauri hilo likahimizwa tena. Lakini saini hailazi bomba ardhini.

Hapa yatupasa kukumbuka yaliyopita. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967, ikiwa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja. Mwaka 1977 ikavunjika. Mali ikagawanywa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Hebu fikiri: kama bomba la gesi lingalikuwako siku zile, ni nani angaliwasha taa za Mombasa? Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, lakini hata ndani yake kila nchi hupima faida yake. Mwaka 2016 Uganda iliamua kupitisha mafuta yake ghafi mpaka Tanga, badala ya pwani ya Kenya.

Basi, bomba ni ahadi iliyofukiwa chini ya ardhi. Nahodha wa jahazi aliweza kubadili nia msimu uliofuata. Watakaojenga bomba hujifunga kwa miaka mingi, wao na watoto wao. Kabla ya chuma kuunganishwa, sharti bei, ushuru na namna ya kuamua magomvi viandikwe waziwazi, na pande zote mbili zione faida. Wenyeji wa Bandari ya Kale walilijua jambo hilo zamani: mgeni hurudi pale alipotendewa haki.