Bei ya Mkono: Fidia ya Aliyeumia Kazini Ilikotoka

Hadi katikati ya muongo uliopita, mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyepata ulemavu wa kudumu kazini hakuweza kulipwa fidia inayozidi shilingi 108,000. Akifariki, wategemezi wake waliishia shilingi 83,000. Viwango hivyo viliandikwa katika sheria ya nchi, na afisa kazi aliyeketi na faili la mtu aliyekatwa mikono yote miwili hakuwa na ruhusa ya kuvivuka. Kwa wakati huo, shilingi 108,000 hazikufikia nusu ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi mmoja serikalini.

Watu wengi wakisikia habari ya fidia hufikiria kwanza mwajiri mkorofi. Wakorofi wapo, tena wengi. Lakini hapa sheria yenyewe ilikuwapo, ilikiri kwamba aliyeumia ana haki, ikaweka na utaratibu wa kudai. Ilichokosa ni kipimo. Thamani ya mkono ilipachikwa kwenye shilingi, shilingi ikashuka, mkono ukashuka nayo. Ili kuelewa tulifikaje huko inabidi turudi nyuma sana, kwenye gari la nyama nchini Uingereza.

Mwaka 1835, kijana aitwaye Charles Priestley alikuwa mtumishi wa mchinjaji wa Peterborough, bwana Fowler. Aliagizwa kupeleka nyama kwa gari la farasi lililopakiwa kupita kiasi. Gari likavunjika, Priestley akaanguka na kuvunjika paja. Wazee wa baraza walioisikiliza kesi yake waliamuru alipwe pauni 100, lakini mwaka 1837 jaji Lord Abinger aliufuta uamuzi huo. Alisema kwamba bwana akianza kuwajibika kwa watumishi wake namna hiyo, kesho mtumishi atamshtaki kwa sababu kijakazi kamtandikia kitanda chenye unyevunyevu. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa upuuzi, na mtumishi asiyeridhika na hatari ya kazi alikuwa huru kuikataa.

Kutokana na kesi hiyo na zilizofuata, mahakama za Uingereza zikampa mwajiri kinga tatu. Kama aliyesababisha ajali ni mfanyakazi mwenzako, tajiri hahusiki. Kama wewe mwenyewe ulizembea hata kidogo, hupati kitu. Na kama ulijua kazi ni ya hatari ukaikubali, basi uliikubali pamoja na hatari yake. Aliyeponea chupuchupu kinu cha pamba au mgodi wa makaa ya mawe alitakiwa kutafuta wakili, kutafuta mashahidi ambao bado walikula kwa tajiri yuleyule, kisha kuzipenya kinga zote tatu. Wengi hawakujaribu. Waliangukia mikononi mwa ndugu, kanisa na nyumba za maskini.

Aliyeufungua mlango mwingine wala hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Otto von Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alivipiga marufuku vyama vya wasoshalisti mwaka 1878, kisha akatafuta njia ya kuwavuta wafanyakazi upande wa dola. Julai 6, 1884 ikapitishwa sheria ya bima ya ajali kazini. Waajiri wa kila aina ya kiwanda waliunganishwa katika vyama vya lazima, wakachanga, na aliyeumia akalipwa na chama, si kutoka mfukoni mwa tajiri wake. Aliyeshindwa kabisa kufanya kazi alipata theluthi mbili za mshahara wake, kila mwezi. Swali la nani alikosea likaondolewa mezani. Bismarck aliyafanya hayo kwa hesabu za siasa, na sioni sababu ya kumsifu kwa huruma ambayo hakuwa nayo. Hata hivyo, ile sheria ilikuwa na jambo moja ambalo sisi tulilipata zaidi ya miaka 130 baadaye: fidia ilifuata mshahara, tena ilifuata maisha ya mtu.

Uingereza ilifuata mwaka 1897, ikisukumwa zaidi na waziri Joseph Chamberlain, lakini ilichagua njia yake. Haikuunda mfuko. Ilimtwika mwajiri mmoja mmoja deni la ajali zinazotokea kwake, bila kuuliza kosa ni la nani. Aliyeumia alipata nusu ya mshahara wake kwa wiki, isiyozidi pauni 1. Familia ya aliyekufa ilipata mshahara wa miaka mitatu, kati ya pauni 150 na pauni 300. Sheria ilianza na reli, migodi, viwanda na kazi za uhandisi.

Ilianza na reli, na hapo ndipo historia inapotugusa sisi. Wakati Bunge la London likiwapa haki wafanyakazi wa reli za kwao, serikali hiyohiyo ilikuwa inajenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Takriban 2,500 kati yao walikufa, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Sheria ya 1897 ilikuwa ya Uingereza tu. Upande wa Wajerumani ilikuwa vilevile. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, mwaka ambao Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Bima ya ajali iliyomlinda fundi wa Berlin haikumfuata mtu aliyechimba tuta la reli pale Morogoro au Tabora.

Hata Marekani fidia isiyouliza kosa ilipingwa, na kuna mkasa wa New York ambao siwezi kuupita. Mwaka 1910 jimbo hilo lilitunga sheria ya fidia ya lazima kwa kazi za hatari. Machi 24, 1911 mahakama yake ya juu ikaifuta, ikisema kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumpora mali yake. Kesho yake, Machi 25, moto ukalipuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, jijini New York, milango mingine ikiwa imefungwa kwa funguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Ilibidi wapiga kura wabadili katiba ya jimbo ndipo sheria irudi.

Turudi Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walilishika koloni hilo la Wajerumani, na mashamba ya mkonge yakawa mhimili wa uchumi. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka mbali, Kigoma, Songea, hata ng'ambo ya mipaka, wakafanya kazi ya kukata na kubeba majani na kuyalisha kwenye korona, mashine inayokwangua jani hadi libaki nyuzi tupu. Korona haibagui jani na mkono. Mtu aliyepoteza vidole hapo aliutegemea moyo wa meneja: pengine angepewa kazi nyepesi, ya kufagia au ya ulinzi, pengine angepewa nauli ya kurudi kwao. Kijijini alikorudi, ukoo ndio uliomlisha. Nasisitiza hilo kwa sababu ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye daftari la shamba lolote. Mkonge uliuzwa ng'ambo, na mama wa manamba akabaki na mwana asiyeweza kushika jembe.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilikwisha kupitisha mikataba juu ya fidia ya ajali, ule wa kilimo mwaka 1921 na ule wa jumla mwaka 1925. Makoloni hayakuwa na haraka. Kilichobadili mwendo ni bandari. Makuli wa Mombasa na wa Dar es Salaam waligoma 1939, na mwaka 1947 bandari zote mbili zikagoma tena, migomo ikaenea nje ya gati. Malalamiko makubwa yalikuwa mishahara na gharama za maisha, lakini serikali za kikoloni ziliona kwamba nguvukazi ya mjini haiwezi tena kuendeshwa kwa kipande na amri ya nyapara. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Kenya na Tanganyika zote zilikuwa na sheria za fidia kwa wafanyakazi.

Sheria hizo zilinakili njia ya Uingereza ya 1897: kila mwajiri na deni lake. Na hapa pana jambo linalonikera kila ninapolifikiria. Julai 5, 1948, Uingereza yenyewe iliiacha njia hiyo, ikahamishia ajali za kazini kwenye bima ya taifa, kwa sababu miaka 50 ya uzoefu ilikuwa imeonyesha kasoro zake. Waajiri walibishana, makampuni ya bima yalivuta muda, walioumia walikubali fedha kidogo ya mkupuo kwa sababu ya njaa. Tulivishwa nguo ambayo mwenyewe alikuwa anaivua.

Ndani ya sheria hizo kulikuwa na jedwali la viungo: kidole gumba asilimia fulani, jicho asilimia fulani, mikono miwili au macho mawili asilimia 100. Asilimia ilizidishwa na mshahara, kisha ikagongwa na kikomo cha shilingi. Malipo yalikuwa ya mara moja. Jedwali lilirithiwa na Uhuru, likarithiwa na Azimio la Arusha, likapita katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Mashirika yalibadilika majina, noti zikaongezwa sifuri, na kikomo kilipofika miaka ya 2000 kilikuwa ni zile shilingi 108,000. Mwajiri aliyekuwa na uungwana aliongeza chake. Asiyekuwa nao alilipa kiasi cha kisheria na hakuna aliyeweza kumgusa. Mkono wa mtu unapouzwa chini ya bei ya baiskeli, mwajiri hana sababu ya kifedha ya kununua kinga ya mashine, na nadhani hilo lilileta madhara makubwa kuliko hata udogo wa malipo.

Sheria mpya ya Tanzania, Namba 20, ilitungwa mwaka 2008. Iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi huuita WCF. Kutoka kutungwa hadi kufanya kazi ikapita miaka saba: michango ilianza kukusanywa Julai 2015 na mafao yakaanza kulipwa Julai 2016. Hatimaye tulikuwa tumefika kwenye njia ya 1884. Waajiri wote, wa serikali na wa binafsi, wanachangia chungu kimoja, na aliyeumia anadai kwenye chungu. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara na serikali nusu asilimia, na tangu Julai 2022 wote wanalipa nusu asilimia. Mfanyakazi hachangii hata senti. Ukiona makato ya fidia kwenye karatasi yako ya mshahara, ujue umeibiwa.

Mabadiliko makubwa yako kwenye kipimo. Aliyeumia na kushindwa kazi kwa muda hupata asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24, pamoja na matibabu. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, analipwa pensheni kila mwezi, na usipozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Asiyeweza kujihudumia huongezewa fedha ya mtu wa kumsaidia. Mjane au mgane na watoto wa aliyefariki wana pensheni yao. Malipo haya ya fedha hupimwa kwa mshahara wa mtu, kwa hiyo mshahara ukipanda, fidia ya kesho nayo inapanda bila kusubiri Bunge.

Udhaifu wa kipimo hicho ni kwamba kinaamini karatasi. Mwajiri anayetangaza mshahara pungufu ili apunguze mchango anapunguza pia pensheni ya mtu atakayeumia, na mfanyakazi huja kuligundua akiwa kitandani. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi husisitiza ajali iripotiwe na kuandikwa siku ileile, majina ya mashahidi yawekwe, na fomu zisibaki kwenye droo ya ofisi, kwa kuwa dai lina ukomo wa miezi 12. Magonjwa ni magumu zaidi. Mkono uliokatika unaonekana, lakini vumbi la mwamba huchukua miaka kuyala mapafu, na huyo mchimbaji pengine amekwisha kupita katika kampuni tatu.

Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya 2007 ilibakisha jukumu kwa mwajiri, ikamlazimu akate bima, ikapandisha fidia ya ulemavu kamili hadi mshahara wa miezi 96, na ikataka madai yaanzie kwa mkurugenzi wa usalama kazini badala ya mahakamani. Chama cha mawakili kilipinga. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilifuta vifungu kadhaa, Mahakama ya Rufani ikavirejesha vingi 2017, na Mahakama ya Juu ikahitimisha Desemba 2019. Kwa miaka kumi, aliyeumia Nairobi au Thika hakuwa na hakika aanzie mlango upi.

Katika nchi zote mbili, sheria hizi zinamtafuta mwajiri kabla ya kumtafuta aliyeumia. Lord Abinger aliwajua bwana na mtumishi, Bismarck akawajua mwenye kiwanda na mfanyakazi wake. Mchimbaji mdogo wa Geita anayegawana mawe na mwenye shimo, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu jioni kwa mwenye pikipiki, mama anayeponda kokoto Kunduchi: hawa hawana jina la kuandika kwenye nafasi ya mwajiri, na ndio walio wengi. Jambo la kwanza kwenye marekebisho yajayo linapaswa kuwa namna ya kuwaandikisha na kuwachangisha kidogo kidogo, huku mwenye shimo na mwenye pikipiki wakitambuliwa na sheria kuwa wana lao la kulipa.